Feza, Usivue Miwani

Mwanangu Feza,

Begi lako limefungwa. Habari za sabuni, shuka na dawa ya malaria sitaziandika, kwa maana mama mudogo wako kule Kisangani atakuuliza hayo yote kabla hujakaa. Sasa hivi uko kwa majirani unaaga. Mimi nimeketi mbele ya cherehani, nimesukuma kitambaa cha watu pembeni, na nina neno moja la kukuambia. Ni neno refu.

Leo mchana ulivua miwani.

Baba mukubwa wako alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu baba yako, anamsifu yule bwana wa Kibombo mwenye kinu cha mpunga, ambaye amesikia kuna binti hapa na anauliza. Akakuona unamtazama. Akasema, "Toa kwanza hiyo miwani. Mutoto mwanamuke hawezi kukodolea mukubwa macho vile." Ukavua. Ukaiweka mapajani na kuifunika kwa kiganja, kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi. Kisha nikaona ulivyokunja macho, unanitafuta, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni tu, hatua chache kutoka kwako.

Nilisubiri utoke chumbani, ili nikianza kusema nisiishie njiani. Niliyomwambia baba mukubwa wako nitakuandikia mwishoni. Kwanza nikuambie habari ya jicho langu. Kila ulipouliza nilikujibu "ni vita", kama kwamba vita ni surua, kila mtoto ataugua na itapita. Leo nakujibu vizuri.

Nilikuwa na umri wako, pungufu kidogo. Kindu, mji wetu huu, ilikuwa imefungwa. Mjini kulikuwa na askari wa upande mmoja, porini wa upande mwingine, na sisi katikati, hatuwezi kwenda shambani. Treni haikuja. Chumvi ilikuwa kitu cha kulamba kwa ncha ya kidole. Na kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila mtoto aliijua: ukikutana na mtu wa bunduki, tazama chini. Ukimtazama usoni atasema umeishika sura yake, utakwenda kumtaja kwa maadui zake.

Bibi yako alikuwa anapepeta mpunga katika depo, yaani ghala, ya Papa Kambale, mfanyabiashara aliyetoka Butembo. Papa Kambale alikuwa amekimbia na kumwachia bibi yako ufunguo. Siku moja, jua limeshapanda, risasi zikaanza kulia barabarani. Tukaingia ndani ya depo, tukafunga mlango wa chuma. Mle ndani mlikuwa na joto, pumba na giza.

"Mama, sioni kitu."

"Nyamaza. Macho itazoea."

Alisema kweli. Simama mbele ya kioo utazame jicho lako. Ile duara nyeusi ya katikati, mboni, si kitu cheusi. Ni tundu. Ni nyeusi kama dirisha la nyumba linavyokuwa jeusi ukilitazama kutoka nje mchana, kwa sababu ndani hakuna taa. Ile rangi inayoizunguka ni msuli. Jua likiwa kali, msuli unakaza na tundu linakuwa dogo. Ukiingia gizani, unalegea na tundu linapanuka ili mwanga mdogo uliopo usipotee. Hilo linafanyika upesi. Lakini ukuta wa nyuma wa jicho una chembe zinazopokea mwanga, na chembe zile za kuonea gizani ni za polepole, zinaamka kama wazee. Ndiyo maana mtu hukaa gizani muda mrefu, na bado anazidi kuona.

Mimi nilikaa, nikazidi kuona. Na nilichokiona kilikuwa ukutani.

Mlango ule ulikuwa na tundu moja, msumari ulikuwa umeng'oka. Ukuta wa mbele yake ulipakwa chokaa. Na juu ya chokaa ile palikuwa na barabara yetu. Barabara nzima, Feza, lakini kichwa chini. Mbingu ilikuwa karibu na sakafu. Mabati ya nyumba yaliangalia chini. Na watu wa bunduki walipita juu, karibu na dari, miguu hewani, na rangi za nguo zao zikionekana.

Bibi yako alinivuta kichwa akakibana kifuani kwake. "Funika macho! Njo mashetani ile. Muntu gani anatembea kichwa chini?"

"Mama, haiko shetani. Yule wa kofia nyekundu, nilimuona jana kwenye kisima."

"Funika, nimekuambia!"

Sikufunika. Nilijinasua, nikaenda taratibu mpaka mlangoni, nikaziba tundu kwa kiganja. Ukuta ukawa mtupu. Nikatoa kiganja, barabara ikarudi. Nikamwambia bibi yako, shetani gani huyu anazuiliwa na kiganja cha mutoto? Alifumba macho yake mwenyewe akawa anasali, na mimi nikawa natazama kwa niaba ya sisi wawili.

Nilitazama mpaka risasi zikanyamaza. Nikawaona wanakusanyika, wanabeba mizigo waliyotoa kwenye maduka, wanaondoka. Pale ukutani walisogea, wakasogea upande wa mtoni, mpaka wa mwisho wao akatoka kwenye chokaa. Nikangoja. Hakurudi mtu.

"Mama, wameenda mutoni. Tukimbilie upande wa treni."

Bibi yako aliniamini. Tukafungua mlango, tukakimbia upande wa stesheni. Kona ya pili tu, tukawakuta. Wote. Na mizigo yao.

Yule wa kofia nyekundu alikuwa wa kwanza kugeuka. Alikuwa kijana tu. "Weye! Unaangalia nini? Shusha macho!"

Ningeweza kukuambia kwamba nilikuwa shujaa. Hapana. Mwanzo nilishangaa tu: mtu niliyemwona kwa macho yangu anakwenda mtoni, amefikaje hapa? Nikawa namtazama kama mtu anayetazama mazingaombwe. Lakini aliposema mara ya pili, nilisikia vizuri, nikaelewa vizuri, na kitu ndani yangu kikakataa. Akanipiga kwa kitako cha bunduki. Bibi yako akaniangukia kwa mwili wake wote. Mkubwa wao akamwita yule kijana kwa hasira, wana haraka, wakaenda.

Jioni tulivuka kwa mtumbwi kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto, tukaingia porini na wengine. Hapakuwa na muuguzi. Uvimbe ulipopungua, jicho la kulia lilikuwa limekwisha kufa.

Unafahamu bibi yako alivyokuwa, alinipenda mpaka akawa mkali. Alisema, "Nilikuambia ufunike macho. Ulitazama mashetani, njo yakakudanganya." Alisema mara nyingi. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na maelezo mengine, nikaanza kumwamini. Nilijifunga kitambaa upande mmoja wa uso na kujifunza kutembea nikitazama vidole vya miguu yangu. Huko kwenye depo nilikosea mara moja, kwa bahati mbaya. Lakini kule kutazama chini nilikuchagua mwenyewe kila asubuhi, miaka mizima, hata baada ya wale watu kuondoka mjini, wakati hakuna tena aliyenilazimisha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko jicho.

Watoto waliniita Chongo. Nilikuwa nikimimina chai mezani, pembeni ya kikombe. Nikitaka kutia uzi kwenye sindano, uzi unapita mbele ya sindano au nyuma yake. Nyosha kidole mbele ya pua yako, fumba jicho moja, kisha lingine. Umeona kidole kinavyoruka? Kila jicho linasimama mahali pake na kuleta habari yake, na ubongo unalinganisha habari mbili na kujua kitu kiko karibu au mbali. Mimi nina shahidi mmoja tu. Kwa hiyo nimejifunza kutikisa kichwa kidogo, huku na huku, na kumfanya shahidi mmoja aseme mara mbili. Wateja wangu wanafikiri nacheza muziki kichwani. Sindano haijui tofauti.

Amani ilipokuja nilirudi shule, mkubwa kuliko darasa zima. Tulikuwa na mwalimu wa sayansi, Mwalimu Sefu. Siku moja alifika na kitu ndani ya jani la mgomba. Lilikuwa jicho la mbuzi, amelipata kwa mchinjaji sokoni. Wasichana wakapiga kelele. Akalipasua kwa wembe, akatuita tusogee.

Mbele kabisa palikuwa na ngozi angavu kama kioo cha saa. Hiyo inaitwa konea. Nyuma yake ile duara ya rangi yenye tundu. Nyuma ya tundu akatoa kitu kidogo, laini, kinachong'aa kama tone la utomvu. "Hii njo lenzi," akasema, akaiweka juu ya gazeti, na herufi zilizokuwa chini yake zikawa kubwa. Ndani kulikuwa kweusi, kama chungu cha masizi. Na kwa nyuma, ngozi nyembamba kuliko ya kitunguu: retina, ile yenye chembe zinazopokea mwanga. Kutoka hapo mshipa mmoja mweupe unakwenda kwenye ubongo.

Kisha akachora ubaoni. Chumba cheusi. Tundu dogo. Nje, mti. Akavuta mstari kutoka juu ya mti, ukapita kwenye tundu, ukaangukia chini ya ukuta wa ndani. Akavuta mwingine kutoka shina, ukapanda juu. "Mwanga unakwenda moja kwa moja, haupindi kona. Kwa hiyo ndani ya jicho, mti unasimama kichwa chini. Na cha kulia kinaangukia kushoto."

Nilisimama. "Mwalimu, rudia hiyo ya mwisho."

"Cha kulia kinaangukia kushoto."

Nyuma yangu mtu akasema, "Chongo anauliza habari ya macho!" Wakacheka. Nikaenda ubaoni, nikachukua chaki mkononi mwake. Nikachora depo ya Papa Kambale, na mlango, na tundu la msumari. Huku mto. Huku stesheni ya treni.

"Mwalimu, muntu akitembea nje akienda kwa treni, picha yake ukutani inaenda wapi?"

Akatazama mchoro, akanitazama mimi, akaacha kutabasamu. "Inaenda mutoni," akasema.

Nilikaa chini pale pale, sakafuni, mbele ya darasa. Unaelewa, Feza? Ukuta haukunidanganya. Ulinipa habari kamili, wanaelekea wapi, wangapi, wamevaa nini. Niliona wako kichwa chini, nikawageuza mwenyewe akilini. Sikujua kwamba kuna kugeuza kwingine. Kama mtu angenifundisha neno lile moja kabla ya siku ile, ningemwambia bibi yako wanakwenda stesheni, tungekimbilia mtoni, na leo ningekuwa namimina chai bila kutikisa kichwa. Haikuwa adhabu ya kutazama. Nilihitaji kutazama na kujua, na mimi nilikuwa na nusu moja tu.

Nilivua kitambaa usoni siku hiyo, mbele yao, nikatembea nacho mkononi mpaka nyumbani.

Bibi yako nilimtengenezea kisanduku cha katoni chenye tundu, na karatasi niliyoipaka mafuta ya mawese upande wa pili. Nikamfunika kanga kichwani, nikamwelekeza kwenye mlango wenye jua. Alikaa humo muda mrefu. Kuku alipita uani, nikamsikia anacheka peke yake ndani ya kanga. Alipotoka alisema, "Kumbe njo vile." Akakunja kanga. Akasema tena, kwa sauti ndogo, "Basi nililaani macho yako bure, mwanangu." Hakuniomba msamaha mwingine na sikuhitaji mwingine.

Utauliza kwa nini basi sisi hatuoni dunia kichwa chini. Kwa sababu jicho haliishii kwenye jicho. Picha inapita kwenye ule mshipa, na ubongo, ambao umefanya kazi hii tangu unazaliwa, unajua kinachokuja chini ndicho cha juu. Mwanga unaingia machoni, lakini kuona ni kazi ya kichwa kizima. Na pale mshipa unapotokea nyuma ya jicho hakuna chembe hata moja ya kupokea mwanga. Jaribu:

✕                                        ●

Fumba jicho la kushoto. Kwa la kulia tazama msalaba, usiache kuutazama. Sogeza karatasi karibu, pole pole. Mahali fulani nukta itapotea, na pale ilipokuwa utaona karatasi nyeupe tu. Mimi nina la kushoto tu, natazama nukta, msalaba unapotea. Kila mtu ana tundu hilo katika kuona kwake, Feza. Ubongo unaliziba kwa kubahatisha, na mwenyewe hajui. Yule kijana wa kofia nyekundu alikuwa nalo. Baba mukubwa wako analo. Mtu akikuambia kwa sauti nzito kwamba yeye anaona kila kitu, kumbuka nukta.

Sasa wewe. Ulipokuwa darasa la tatu walisema huna akili. Mwalimu alikukalisha nyuma. Baba mukubwa wako akashauri nikutoe shule, unisaidie kushona. Mimi nilikuona unakunja macho ukitafuta bei kwenye duka la ng'ambo ya barabara, na nikajua, maana mwenye jicho bovu anamfahamu mwenzake. Kukunja macho ni kulifanya tundu kuwa dogo, na tundu dogo linaleta picha safi zaidi; tundu la msumari lilinifundisha. Jicho lako ni refu kidogo kuliko la wengine. Lenzi inakusanya mwanga vizuri, lakini picha inakamilika kabla haijafika kwenye retina, na inapofika imeshatawanyika. Upungufu wote ni kama unene wa ukucha. Kwa unene wa ukucha walitaka kukunyima shule! Vioo vya miwani yako vinautandaza mwanga kidogo kabla haujaingia, na picha inarudi nyuma mpaka mahali pake. Hiyo tu. Hakuna kiburi ndani yake, wala utovu wa adabu.

Siku ulipovaa mara ya kwanza tulitoka hospitali kwa miguu. Ukasimama kwenye ukingo wa mto Lualaba, ukaniambia, "Mama, kumbe miti ya Alunguli iko na majani." Ulikuwa na miaka tisa, na ulifikiri miti ya mbali ni moshi wa kijani. Nilisimama na wewe pale mpaka ukatosheka.

Basi, ya leo. Ulipotoka chumbani nilimwambia baba mukubwa wako, "Shemeji, mutoto anaenda kesho."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Na yule bwana wa Kibombo nitamujibu nini?"

"Umujibu mutoto iko na masomo."

Akapiga ulimi. "Kisangani ataona nini ambacho hapa hakiko?"

"Ataona ubao. Hapa mulimukalisha nyuma."

Akasema kwamba tangu ndugu yake afariki yeye njo anasema kwa ukoo, na kama unaondoka bila ruhusa yake, usirudi kwake kuomba kitu. Nikamwambia hutaomba. Nikamwambia pia, kwa heshima lakini kwa sauti ambayo jirani alisikia, kwamba macho ya mutoto yangu si mali ya ukoo, na hatavua tena miwani ndani ya nyumba hii kwa amri ya mtu. Akasimama kuondoka. Chakula kilikuwa tayari, wali na sombe ya majani ya muhogo, nikakiweka mezani hata hivyo. Alikitazama, akakaa, akala, akanawa, akatoka bila kuaga. Njo baba mukubwa wako huyo. Simchukii. Hanitishi pia.

Kesho kwenye boti atakuja au hatakuja. Akija, piga goti kama ulivyolelewa, mpe mikono miwili, mwite baba. Heshima hiyo ni yake. Kisha inuka umtazame vizuri, uione sura yake yote, na yeye aione yako.

Huko utakutana na wengi watakaotaka utazame chini, wengine kwa ukali, wengine kwa upole, na wapole ndio wagumu zaidi kukatalia. Utakosea pia, utasoma picha kinyume na kukimbilia upande usio sahihi. Ikikutokea usijifunge kitambaa. Uliza, rudia, uende ubaoni wakicheka.

Na mtu akitaka kujua huko nani alikuruhusu, mwambie ni mama. Akiuliza mama gani, mwambie yule wa jicho moja wa mtaa wa Kasuku, Kindu, anayeshona barazani na uso wazi, kila apitaye anamuona, na yeye anamuona kila apitaye.

Nimekuzaa mimi, na mimi nimesema utaenda.

Mama yako